Kupima Urahisi wa Ukurasa wa Kikapu cha Duka la Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wenye maduka ya mtandaoni na mafundi wa tovuti walioko Arusha na Moshi, wawe wanauza kahawa, vitenge, vipuri au vifaa vya kupandia mlima. Yanahusu kikapu, yaani ukurasa unaoonyesha bidhaa alizochagua mteja kabla ya kulipa, ambacho tayari kinatumika au kinakaribia kuzinduliwa.

Urahisi wa kutumia ni kitu gani, na unapimika kweli?

Unapimika. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotoka mwaka 1998 na kupitiwa upya mwaka 2018, kinaangalia mambo matatu: mtumiaji amefika alikotaka au hakufika, ametumia muda na nguvu kiasi gani, na ameridhika kiasi gani. Kwa kikapu maana yake ni kuhesabu waliomaliza bila kusaidiwa, dakika walizotumia, makosa waliyofanya njiani, kisha kuwauliza wanaonaje.

Mteja anafungua kikapu akiwa na maswali matatu kichwani. Mpaka mzigo unifikie nitatoa shilingi ngapi? Utafika lini? Na nikibadili mawazo, naweza kutoa kitu kimoja bila kuvuruga vingine? Ukurasa unaojibu hayo kabla ya kumdai jina na namba ya simu umeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake, hata kama hauvutii. Wengi wanaanza na rangi. Rangi isubiri.

Nipime kikapu peke yake au pamoja na ukurasa wa malipo?

Pamoja. Kasoro ya kikapu mara nyingi hujitokeza kwenye malipo: mteja anaona jumla imepanda, anarudi nyuma kuangalia kwa nini, anakuta kikapu kitupu. Ukiishia kwenye kikapu hutaliona hilo.

Nahitaji watu wangapi?

Watano kwa kila kundi la wateja. Idadi hiyo ilitokana na hesabu ya watafiti wa urahisi wa kutumia, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, ya mwaka 1993. Kwenye miradi waliyoichunguza, mtu mmoja kwa wastani alifichua asilimia 31 ya kasoro, hivyo watu watatu wanafichua kama theluthi mbili na watano karibu asilimia 85. Wa sita na wa saba wanakuwa wanarudia yale yale. Asilimia 31 ni wastani wa miradi ile, kwa hiyo usiichukue kama ahadi kwamba na kwako itakuwa hivyo.

Hesabu hiyo inafanya kazi pale tu ambapo watu wako wanafanana. Duka la Arusha linalouzia wakazi wanaolipa kwa simu, na pia wageni wanaoagiza kahawa kwa kadi wakiwa Ulaya, lina makundi mawili. Chukua watano kwa kila kundi, au angalau watatu watatu. Fedha ikiwa ndogo, ni afadhali ujaribu na watatu wiki hii, urekebishe, ujaribu na watatu wengine wiki ijayo, kuliko kuwaita kumi na tano kwa mpigo ili wote wajikwae kwenye kisiki kile kile.

Nawapata wapi?

Usichukue wafanyakazi wako, ndugu zako, wala fundi aliyeitengeneza tovuti. Wanajua kitufe kiko wapi. Wanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi wanapatikana kirahisi, ila usijaze kundi zima kwa wanafunzi kama wanunuzi wako ni akina mama wa miaka arobaini wenye maduka Kiboriloni. Wateja waliowahi kukuagizia kwa WhatsApp lakini hawajawahi kutumia tovuti ni hazina: wanakijua unachouza, hawajui ukurasa wako.

Walipe nauli na bando, uwaambie kiasi mapema, na uwape hata kama hawakumaliza hata kazi moja. Kila mtu aje na simu yake mwenyewe. Simu ya kuazima inamchanganya mtu kwa mambo yasiyohusu kikapu, na wewe unakosa kuona vioo vilivyopasuka, herufi zilizokuzwa na vivinjari vya zamani ambavyo ndivyo wateja wako wanavyoishi navyo.

Niwape kazi gani?

Kazi iwe na sababu na kikomo, na isitaje maneno yaliyoandikwa kwenye vitufe. "Bofya Ongeza Idadi kisha ubofye Endelea na Malipo" si jaribio, ni imla. Linganisha na hii:

"Unamnunulia mama mkwe aliyeko Marangu pakiti mbili za kahawa na kitenge kimoja. Mfukoni una shilingi 60,000 na usafirishaji unatoka humo humo. Nenda mpaka pale ambapo ungelipa."

Hapo mtu analazimika kuitafuta gharama ya kusafirisha, kulinganisha na fedha yake na pengine kupunguza kitu. Baada ya hiyo, mpe mabadiliko moja moja, huku kikapu kikiwa kimejaa:

1. Kitenge hukitaki tena, ila kahawa ziwe tatu.
2. Mzigo hauendi tena Marangu, unauchukua mwenyewe dukani.
3. Simu inaita. (Mpigie kweli, ongea naye nusu dakika, kisha mwache arudi kwenye ukurasa.)
4. Umekosea namba ya simu. Irekebishe.
5. Mwambie mtu wa nyumbani kwako itakugharimu kiasi gani, yote kwa yote.

Ya tatu inaangusha kurasa nyingi. Kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, kivinjari kinaweza kuufunga ukurasa mtu akiwa anaongea, na akirudi unapakiwa upya. Ikiwa kikapu kilihifadhiwa kwenye ukurasa wenyewe tu, kimepotea. Kinatakiwa kihifadhiwe kwenye kivinjari au kwenye seva (kompyuta inayoendesha tovuti yako) kila mteja anapobadilisha kitu, asisubiri kubonyeza "Hifadhi".

Siku ya jaribio inaendeshwaje?

Tenga dakika 30 hadi 45 kwa mtu mmoja. Mahali pawe tulivu, lakini intaneti iwe ya laini yake, si Wi-Fi ya ofisi. Wawepo watu wawili upande wako: mmoja anaongea, mwingine anaandika kimya. Washa kirekodi cha skrini cha simu yake kwa ruhusa yake.

Anza kwa kumwambia kwamba unapima ukurasa, humpimi yeye, na hukuutengeneza wewe (kama ni kweli). Mwombe aseme kwa sauti anachowaza anapofanya kazi: anatafuta nini, anategemea nini kitokee akigusa pale. Fanya naye zoezi la dakika moja kwenye tovuti nyingine kabisa ili azoee.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo miongozo mingi hailisemi. Mtu aliyekaribishwa hamkosoi mwenyeji. Ukimuuliza "umeuonaje ukurasa?" atakujibu "uko vizuri tu, hauna shida", na dakika mbili zilizopita alikuwa anahangaika. Kwa hiyo andika anachofanya kwa kidole, usiandike sifa. Badala ya "umependa?" uliza "hapo ulitegemea uone nini?" au "ungekuwa peke yako nyumbani ungefanyaje sasa?" Halafu kuna suala la umri. Mzee wa miaka sitini akikwama mbele ya kijana wa miaka ishirini na mbili anaona aibu, ananyamaza, kisha anasema macho yanamsumbua. Msalimie inavyostahili, kaa ubavuni kwake badala ya kumkabili, na ikiwezekana msimamizi awe mtu wa rika lililo karibu na lake.

Akikwama, usimwokoe haraka. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Akikuuliza "nibonyeze hapa?" mrudishie: "Wewe unaonaje?" Wekeni kikomo kabla ya kuanza, kwa mfano dakika tatu bila kusogea. Kikifika, andika kwamba kazi hiyo imeshindikana, mshukuru, nenda ijayo.

Je, alipe kweli?

Mara moja kwa kila njia ya malipo, ndiyo, kwa bidhaa ya bei ndogo na kwa fedha uliyompa wewe. Kwa wengine simamisha jaribio pale ombi la malipo linapotumwa. Zima kirekodi kabla hajaingiza namba ya siri na ugeuze uso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata rekodi za namna hii: mwambie unarekodi nini, utatunza kwa muda gani na nani ataona, kisha ukimaliza ripoti zifute.

Malipo ya simu yanaharibika wapi?

Hapa ndipo penye kazi nzito, kwa sababu mteja anatoka kwenye ukurasa wako na kuingia kwenye dirisha la mtandao wa simu, halafu unategemea arudi.

Mtiririko wa kawaida ni huu: mteja anaandika namba, seva yako inatuma ombi, simu yake inaonyesha dirisha lenye kiasi na jina la biashara, anaingiza namba ya siri, mtandao unaijulisha seva yako kwamba fedha imeingia. Kila hatua ina namna yake ya kushindwa.

Dirisha halitokei. Huenda ameandika namba ambayo laini yake iko kwenye simu nyingine nyumbani, au mtandao umezidiwa. Ukurasa unaozungusha duara tu haumwambii lolote. Uandike: "Tumetuma ombi la shilingi 47,500 kwenda namba inayoishia na 318. Angalia simu hiyo uingize namba ya siri." Tarakimu tatu za mwisho zinamfanya atambue mwenyewe kama alikosea. Chini yake pawe na "Badilisha namba" na njia ya pili: Lipa Namba, kiasi kamili, na kumbukumbu ya oda ya kuandika.

Anabonyeza tena. Mtu asiyeona chochote kwa sekunde kumi anarudia, na kitufe kisichojizima kinazaa maombi mawili au oda mbili. Kizime mara ya kwanza anapokigusa, na kila oda iwe na namba moja ambayo seva itaikataa ikija mara ya pili.

Amelipa, ukurasa haujui. Ujumbe wa muamala umeshaingia kwenye simu ya mteja, taarifa ya mtandao kwenda kwenye seva yako imechelewa. Ukiandika "Malipo yameshindikana" wakati huo, umemwambia uongo mtu uliyechukua fedha yake, na simu itakayofuata itakuwa ya ugomvi. Andika "Tunasubiri uthibitisho", mpe namba ya oda, mruhusu aondoke, na umtumie ujumbe ukithibitisha. Usifute kikapu mpaka uthibitisho ufike.

Salio halitoshi. Sababu hii itajwe waziwazi pale mtandao unapoirudisha kwako, na kikapu kibaki kama kilivyo ili aende kwa wakala aweke fedha, arudi.

Kosa jingine ni la mafundi: kubashiri mtandao kwa tarakimu za mwanzo za namba. Tangu mwaka 2017 mteja Tanzania anaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yake ile ile, hivyo namba inayoonekana ya Vodacom inaweza kuwa iko Airtel. Jaza chaguo kwa kubashiri ukitaka, lakini mwachie nafasi ya kulibadilisha kati ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa.

Sehemu ya namba ipokee 0 ikifuatiwa na tarakimu tisa, ipokee +255 na tarakimu tisa, ipokee nafasi na vistari katikati. Kuzisafisha ni kazi ya programu. Kumwambia mteja "namba si sahihi" kwa sababu ameacha nafasi baada ya tarakimu ya nne ni uvivu wa fundi.

Gharama ya kusafirisha ionekane lini?

Kwenye kikapu, kabla ya fomu yoyote. Gharama inayochomoza mwishoni ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi wateja wanapoulizwa kwa nini waliacha manunuzi, na sababu ni rahisi kuielewa: mtu ameshapiga hesabu ya 40,000 akaafiki moyoni, sasa anaambiwa 47,500.

Usisubiri anwani kamili. Weka orodha fupi ya maeneo: kwa Arusha, Njiro, Sakina, Kijenge, Moshono, Usa River; kwa Moshi, Soweto, Majengo, Pasua, Kiboriloni, halafu "Himo, Marangu, Machame" kwa bei yake na "Mkoa mwingine kwa basi" kwa yake. Akichagua, jumla ibadilike papo hapo. Kwa mzigo wa basi eleza nani analipa nauli ya mzigo, kwenye kikapu au unapopokelewa stendi, maana mapokezi ya stendi bila maelezo huzaa mabishano.

Sehemu ya anwani iwe na mstari mmoja wa kuelekeza: "karibu na nini?" Namba ya nyumba na jina la mtaa viwe vya hiari. Wengi wanajielekeza kwa shule, kanisa, msikiti au petroli stesheni, na bodaboda atawapigia simu vyovyote vile. Fomu inayolazimisha postikodi inapata 00000 na 12345.

Muda wa kufika una mtego. "Saa 10" kwa mteja wa Moshi ni jioni, kwa fundi aliyenakili mpangilio wa kigeni ni asubuhi. Andika "saa 10 jioni" kwa ukamilifu, na kama una wateja wageni ongeza 16:00 mbele yake. Jaribu kwa kumuuliza mshiriki: "Mzigo ukija, jua litakuwa wapi?" Utacheka, lakini utapata jibu la kweli.

Kasoro nyingine zinazojirudia ni zipi?

Kulazimisha kufungua akaunti. Mteja wa mara ya kwanza anataka kahawa, hataki nywila. Mruhusu aagize kama mgeni, na umpe nafasi ya kuhifadhi taarifa zake baada ya kulipa.

Kitufe cha kuondoa bidhaa kilicho ubavuni mwa kitufe cha kupunguza idadi. Kidole gumba kinagusa vyote viwili. Vitenganishe, na bidhaa ikiondolewa pabaki mstari wenye neno "Rudisha" kwa sekunde kadhaa. Hiyo ni bora kuliko kuuliza "Una uhakika?" kila mara, kwa sababu swali linaloulizwa kila mara hujibiwa "ndiyo" bila kusomwa.

Kubadilisha idadi kisha kulazimika kugusa "Sasisha kikapu". Wengi hawakioni kitufe hicho, wanaendelea, wanalipia idadi ya zamani.

Bidhaa kuisha wakati iko kikapuni. Isitoweke kimya. Ibaki ikiwa imefifia, iandikwe "imeisha", na iondolewe kwenye hesabu.

Mstari usiosema saizi wala rangi. Viatu vya kupandia mlima viwili, vyote "Kiatu cha ngozi", kimoja 41 na kingine 43. Mteja anarudi kwenye ukurasa wa bidhaa kuhakikisha, na anaporudi amesahau alikuwa wapi.

Lebo ya hesabu. "Bei ya jumla" chini ya kikapu inasomwa na wafanyabiashara kama bei ya kununulia kwa wingi. Andika "Jumla ya kulipa". Kama umesajiliwa VAT, kodi iwe imeshaingizwa kwenye bei zote na useme hivyo kwa mstari mmoja.

Sanduku kubwa la msimbo wa punguzo. Asiye na msimbo anaona wenzake wanapunguziwa, anaondoka kwenda kuutafuta. Lifiche nyuma ya kiungo kidogo.

Wateja wetu wanapenda kupatana bei. Kikapu kinalishughulikiaje hilo?

Punguzo la wingi lijionyeshe lenyewe: "Ukichukua 3, kila moja 11,000 badala ya 12,000". Zaidi ya hapo weka kiungo cha WhatsApp kinachobeba orodha ya kikapu pamoja na namba yake, ili muuzaji asianze kuuliza upya. Akikubali bei, muuzaji aibadilishe kwenye kikapu kile kile na mteja alipie pale pale.

Kasi inatakiwa iweje?

Google inahesabu kwamba ukurasa ni mzuri ikiwa picha au maandishi yake makubwa zaidi yanaonekana ndani ya sekunde 2.5, mguso unajibiwa ndani ya milisekunde 200, na kipimo cha kuruka kwa vitu kwenye skrini hakizidi 0.1, kwa angalau robo tatu ya wanaoutembelea. Kwa kikapu, kipimo cha tatu ndicho kinachouma: tangazo la "usafirishaji bure" linachelewa kupakia, linasukuma kila kitu chini, na aliyekuwa anagusa "Lipa" anagusa "Ondoa". Tenga nafasi ya tangazo tangu mwanzo.

Kosa la picha ni la kawaida mno. Picha ya megabaiti 4 iliyopigwa kwa simu inawekwa kikapuni ikiwa na upana wa pikseli 80. Bidhaa sita, megabaiti 24 za bando la mteja. Tengeneza nakala ndogo. Kilobaiti 10 hadi 20 zinatosha sana.

Jaribu pia kwenye kivinjari cha Opera Mini kikiwa kwenye ubanaji mkubwa wa data. Humo kurasa huandaliwa kwenye seva zao, kwa hiyo vitufe vinavyotegemea programu ndani ya kivinjari vinaweza kuchelewa au kutofanya kazi. Kuongeza idadi na kuendelea na malipo kuwe na njia ya fomu ya kawaida.

Ukubwa wa vitufe na usomekaji?

Mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, unaoeleza jinsi ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, hata wenye ulemavu, unataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24; sisi tunashauri 44 kwa 44 kwa vitufe vya idadi na malipo. Maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma. Kijivu juu ya nyeupe kinachosomeka ofisini hakionekani juani pale Mnara wa Saa, kwa hiyo toka nje ukajaribu. Kosa lisionyeshwe kwa wekundu peke yake. Liwe na maneno, chini ya sehemu yenye kosa.

Sina watu wala fedha kwa sasa. Naweza kukagua mwenyewe?

Unaweza kuanza hivyo. Njia ya ukaguzi kwa kanuni, yaani kuulinganisha ukurasa na orodha fupi ya kanuni za usanifu mzuri, ilielezwa na Nielsen na Rolf Molich mwaka 1990, na kanuni kumi zinazotumika sana zilikaa sawa mwaka 1994. Wakaguzi wawe watatu hadi watano, kila mmoja apitie peke yake mara mbili, ndipo mkutanishe orodha. Mkikagua pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeona kasoro.

Kwenye kikapu, zinazovunjwa zaidi ni kumwonyesha mtumiaji kinachoendelea, kumpa njia ya kurudi, na kutomlazimisha kukumbuka alichokiona ukurasa uliopita. Kila kasoro ipe uzito kutoka 0 hadi 4: 0 si kasoro, 1 ni ya urembo, 2 ndogo, 3 kubwa, 4 lazima irekebishwe kabla ya kuzindua. Toeni alama kila mmoja kivyake, kisha chukueni wastani.

Ukaguzi hauchukui nafasi ya wateja. Wakaguzi huona mengi ambayo hayamsumbui mtu, na hukosa yale yanayotokana na kutoijua biashara yako.

Kuridhika kunapimwaje kwa namba?

Kwa dodoso la SUS (System Usability Scale), lililotungwa na John Brooke mwaka 1986. Lina sentensi kumi, kila moja inajibiwa 1 hadi 5. Kwa sentensi za namba witiri, toa 1 kwenye jibu. Kwa shufwa, toa jibu kwenye 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5.

Mfano, majibu ni 4, 2, 4, 1, 4, 2, 5, 2, 4, 3. Witiri zinatoa 3+3+3+4+3 = 16. Shufwa zinatoa 3+4+3+3+2 = 15. Jumla 31, mara 2.5 ni 77.5. Hiyo si asilimia. Wastani unaotajwa kwa mifumo mingi ni 68, na kwa watu watano itazame kama dalili tu. Sentensi za shufwa ni za kulalamika, hivyo wasomee watu wawili tafsiri yako kabla ya kuitumia. Mtu akikosa kuona "si" moja, alama yake imeharibika.

Takwimu zinaonyesha wateja wengi wanaacha vikapu. Ni balaa?

Si lazima. Wastani uliokusanywa na Baymard Institute, taasisi inayotafiti maduka ya mtandaoni, kutoka tafiti mbalimbali ni kama asilimia 70, na wengi wao walikuwa wanaangalia bei tu. Kwa maduka yetu kuna na jingine: mtu anajaza kikapu, anapiga picha ya skrini, anaituma WhatsApp, anaagizia huko. Tuseme vikapu ni 200 na oda za tovuti ni 46. Walioacha ni asilimia 77. Ukikuta oda 30 za WhatsApp zenye bidhaa zile zile, walioacha kweli ni asilimia 62. Zihesabu oda hizo kwanza. Kisha angalia wanaishia hatua gani, na upeleke jaribio lako la watu watano kwenye hatua hiyo.

Ripoti iandikweje?

Kila kasoro mstari mmoja wenye mahali, kilichotokea, waliokwama, uzito, sababu na dawa. Kwa mfano: "Kikapu, kuchagua eneo. 4 kati ya 5 hawakuona kwamba orodha inafunguka, wakaendelea na bei ya Arusha mjini. Uzito 4. Inafanana na maandishi ya kawaida. Iwekewe fremu na neno Chagua eneo." Ambatanisha kipande cha video cha sekunde 20; fundi anayebishana na maandishi habishani na video. Rekebisha zenye 4, kisha 3 zilizowakwamisha wengi. Zenye 1 ziache mpaka siku fundi hana kazi.

Nipime tena lini?

Kila unapogusa malipo, usafirishaji au lugha ya ukurasa, na unarudia kazi zilizoguswa tu. Kwa duka linalouza Kilimanjaro, maliza yote ifikapo mwisho wa Oktoba. Desemba watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, oda zinaongezeka, mabasi yanajaa mizigo, na fundi naye yuko njiani kwenda Rombo.